Musar Jeune, Hochar au Château Musar: chupa ipi ya Lebanon kwa chungu kipi?

Jirani yangu, mtu wa Moshi, alinigongea mlango Ijumaa moja jioni akiwa na simu mkononi. Mama yake anatimiza miaka 70, ndugu wote wa hapa London watakusanyika kwake, mbuzi ameshaagizwa buchani, na dukani ameonyeshwa chupa tatu za mvinyo mwekundu kutoka Lebanon. Zote zina jina la nyumba moja ya kutengeneza mvinyo, bei zake zinapishana kama mbingu na ardhi. "Kaka, wewe unafanya kazi kwa Walebanon. Nichukue ipi? Nisije nikaaibika mbele ya mama."

Nina miaka tisa nahudumia meza katika mgahawa wa Kilebanon, na swali hili naulizwa karibu kila wiki. Wengi wanadhani jibu liko kwenye bei: mwenye uwezo achukue ya juu, asiye nao ateremke. Mimi sikubaliani, na kutokubaliana huko ndiko kumenifanya niandike. Chupa hizi tatu si ngazi. Zinatofautiana zaidi kwa muda zilioachwa zipumzike kabla ya kuuzwa, na huo muda ndio unaoamua zinataka chakula gani.

Nilimwambia asubiri siku mbili, kisha aje mgahawani. Jumapili usiku, jiko lilipofungwa, mpishi wetu (ni mzaliwa wa Zahlé, mji wa mvinyo kabisa) akapanga sahani, mimi nikafungua zote tatu, na tukaongeza ya nne ya nyumba nyingine ili tuwe na cha kupimia.

Kwanza nyumba yenyewe. Château Musar ilianzishwa mwaka 1930 na Gaston Hochar katika ngome ya Mzar, mji wa Ghazir, juu ya ghuba ya Jounieh kaskazini mwa Beirut. Jina hilo linatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa sisi kuzuru na ziara. Lakini mizabibu haiko Ghazir. Iko ng'ambo ya mlima, katika Bonde la Bekaa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,000, kati ya safu mbili za milima. Wanaozijua zabibu za Dodoma watashangaa kidogo, maana mwinuko unakaribiana. Tofauti ni kwamba Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na Bekaa, yenye baridi ya kweli na theluji milimani, huvuna mara moja tu. Jua la mchana linaivisha zabibu, ubaridi wa usiku unazilindia uchachu. Uchachu huo ushike kichwani, tutauhitaji tukifika kwenye chakula.

Musar Jeune

Jeune kwa Kifaransa ni kijana, na kweli ni kijana. Ni zabibu za Cinsault na Syrah, na Cabernet Sauvignon kidogo. Haupiti kwenye mapipa ya mbao hata siku moja. Unachachuka na kutulia kwenye matangi ya saruji, kisha unatoka sokoni ungali mchanga.

Ukiumimina rangi ni ya zambarau iliyoiva, ile inayoacha ulimi na rangi. Harufu ni cheri, zambarau hizohizo, na pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi. Ukakasi ni mdogo. Unameza na mdomo unabaki safi, unataka tonge jingine. Hauna siri nyingi, na hilo si kosa. Mpishi wetu huunywa na kafta (nyama ya kusaga ya kuchoma) iliyotoka kwenye makaa, yenye majani ya parsley na kitunguu kibichi juu, na sijaona chupa ghali iliyoishinda kwenye sahani hiyo.

Uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kunywa. Watu wa pwani hasa nawasihi: ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi, si sebule ya Dar es Salaam mwezi wa Februari. Mvinyo wenye joto la nyuzi 30 unanuka pombe tu, matunda yote yanapotea.

Nikiwa hapohapo, neno moja kuhusu Cinsault. Wengi wetu Afrika Mashariki tumeanza na mvinyo wa Afrika Kusini, na wengi wameshakunywa Pinotage. Pinotage ilizaliwa Stellenbosch mwaka 1925, Abraham Perold alipochanganya maua ya Pinot Noir na Cinsault, ambayo kule waliiita Hermitage. Kwa hiyo ukinywa chupa ya Lebanon yenye Cinsault nyingi na ukahisi kuna kitu unakifahamu, hujakosea. Unamwona mzazi wa mtoto uliyemzoea.

Hochar Père et Fils

Hochar baba na wanawe. Zabibu zake hutoka eneo moja, kijiji cha Aana ndani ya Bekaa, na kwa kawaida ni Cinsault, Grenache na Cabernet Sauvignon. Huu umekaa miezi kadhaa kwenye mapipa ya mwaloni wa Ufaransa, halafu ukapumzishwa ndani ya chupa. Ukiununua mara nyingi una miaka minne au zaidi tangu mavuno.

Weka glasi yake kando ya ile ya Jeune uinamishe juu ya kitambaa cheupe. Jeune ni zambarau mpaka ukingoni. Hochar ukingoni umeanza kuwa na rangi ya tofali. Harufu nayo imegeuka: tunda halinuki tena kama lililochumwa leo, linanuka kama plamu iliyochemshwa na kijiti cha mdalasini, tini kavu, na kwa mbali sana mkanda wa ngozi. Ukakasi upo, unashika ufizi kidogo, lakini umelainika. Uchachu bado uko hai.

Hii ndiyo chupa ninayoipendekeza mara nyingi kuliko zote. Inaelewana na watu. Mgeni asiyejua mvinyo anaifurahia, anayejua anakuta cha kuzungumza. Inakubali pilau yenye bizari nyembamba na karafuu bila kugombana nayo, kwa sababu viungo vyake vyenyewe vinaelekea hukohuko. Inakubali bilinganya zilizookwa na nyama ya kusaga na nyanya, inakubali maharage mekundu yaliyopikwa polepole. Nimewahi kuipeleka kwenye meza yenye sahani 12 za meze, humusi, jibini, soseji za sujuk, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, na ikamaliza meza nzima bila kuzidiwa.

Château Musar

Hapa naomba tukae.

Mchanganyiko ni Cabernet Sauvignon, Cinsault na Carignan, kwa viwango visivyotofautiana sana, ila kila mwaka huamuliwa upya. Cabernet ni mifupa. Carignan huleta uchachu na ukakasi. Cinsault huleta manukato na ulaini. Kila zabibu huchachuka peke yake kwenye saruji, kwa chachu ya asili ileile iliyokuja juu ya maganda kutoka shambani, hakuna hamira ya paketi. Halafu takriban mwaka mzima kwenye mapipa ya mwaloni wa Nevers, Ufaransa, halafu huchanganywa, na katika mwaka wa tatu hutiwa kwenye chupa bila kuchujwa. Kisha zinalazwa kwenye maghala ya Ghazir miaka mingine minne. Chupa unayoiona mpya dukani ina miaka saba. Sijui kazi nyingi duniani ambazo mtu hufanya leo na kukubali kulipwa baada ya miaka saba, tena katika nchi ambayo hakuna anayejua kesho italeta nini.

Aliyeupa mvinyo huu sura yake ni Serge Hochar, mwana wa Gaston, aliyesomea Bordeaux na kushika utengenezaji mwaka 1959. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1975 na kuendelea hadi 1990. Kumbuka mashamba yako Bekaa na maghala yako Ghazir: kila mavuno ilibidi malori yavuke mlima na vizuizi vya barabarani. Mwaka 1976 hakukuwa na mvinyo kabisa. Mwaka 1984 malori yalikwama kwenye mapigano siku kadhaa, zabibu zikaanza kuchachuka njiani. Miaka mingine yote ya vita waliendelea. Wateja wa nyumbani walipopungua, Serge alipeleka chupa zake nje, na katika maonyesho ya mvinyo ya Bristol, Uingereza, mwaka 1979, Michael Broadbent wa Christie's, nyumba ya minada, alizisifu hadharani. Tangu hapo London haijauacha. Serge alifariki mwisho wa mwaka 2014. Ukoo wake unaendelea na kazi.

Sasa glasi yenyewe. Rangi ni nyepesi kuliko unavyotarajia kwa bei ile. Komamanga iliyokolea, ukingoni kahawia. Jirani yangu alipeleka pua, akarudi nyuma, akaniangalia usoni.

"Kaka, hii si imeharibika?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Château Musar iliyofunguliwa sasa hivi ina ncha ya siki. Wakati mwingine ina kitu kinachofanana na rangi ya kucha, na chini yake harufu ya zizi, ngozi mbichi, udongo. Sehemu moja ni asidi ya siki, ambayo kila mvinyo unayo kidogo lakini viwanda vingi hupambana nayo mpaka isisikike. Sehemu nyingine ni kazi ya chachu za porini. Nyumba hii hutumia salfa, dawa ya kuhifadhi mvinyo, kidogo sana, kwa hiyo vitu hivyo vimeachwa vionekane. Kuna wajuzi wanaoliita jambo hilo dosari, na siwalaumu. Kuna mwaka mmoja mmoja hata mimi naona limezidi.

Nikamwambia asinywe. Nikaumimina taratibu kwenye jagi la kioo, tukala vitu vingine, tukarudi kwake baada ya saa moja na robo.

Siki ilikuwa imekwenda. Pale paliponuka zizi palikuwa na tende, ganda la chungwa lililokaushwa, mdalasini, majani ya chai, cheri zilizolowekwa kwenye pombe, na mwisho kabisa, baada ya kumeza, mwerezi. Ladha yenyewe ni nyembamba na ndefu. Haikujazi mdomo kama mvinyo mzito wa nchi za jua. Inapita katikati ya ulimi kama uzi na inaendelea kupita ukiwa umeshaweka glasi chini. Jirani alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho sijakisikia kwa mteja yeyote wa Kizungu: "Hii ina roho ya mbege." Akaeleza. Mbege nzuri ya ndizi na ulezi nayo ina ule ukali wa mwanzo puani, mgeni anakunja uso, mwenyeji anajua kwamba nyuma ya ukali kuna utamu. Mpishi akataka kuelezwa mbege ni nini, na pale tulipoteza nusu saa nzima.

Nimeichukua fikra yake. Mtu aliyekua na vinywaji vilivyochachuka vyenyewe, mbege, ulanzi, tembo la mnazi, ana pua iliyotayarishwa kwa Château Musar kuliko mtu aliyekua na mvinyo laini wa dukani peke yake.

Na Ksara je?

Chupa ya nne ilikuwa Réserve du Couvent ya Château Ksara. Ksara ni kongwe zaidi: Wajesuti, watawa wa Kikatoliki, waliianzisha mwaka 1857 karibu na Zahlé, wakaiuza mwaka 1973, na chini yake kuna mahandaki ya kale ya Kirumi ya karibu kilomita mbili ambamo chupa hulala kwenye ubaridi usiobadilika. Réserve du Couvent ni Syrah, Cabernet Sauvignon na Cabernet Franc, na mapipa kidogo.

Nitasema waziwazi: ni mvinyo wa kutegemewa. Tunda jeusi, vanila, pilipili hoho kidogo, ukakasi wa wastani, kila mwaka unafanana na mwaka uliotangulia. Bei yake haiko mbali na ya Jeune. Ukiwa unapeleka zawadi kwa mtu usiyemjua ladha yake, chukua hii. Mpishi wetu, ambaye amekulia hatua chache kutoka geti la Ksara, huinywa kama sisi tunavyokunywa chai.

Mezani

Chakula cha Kilebanon kina limau, sumac (kiungo chekundu kichachu cha unga) na mtindi kila pembe. Vyote ni vichachu, na kitu kichachu mdomoni huufanya mvinyo usio na uchachu uonekane mzito na mfu. Ndiyo maana chupa za Bekaa zinakaa vizuri kwenye meza ya kwao: ubaridi wa usiku uliziachia uchachu wa kujitetea. Kwa sababu hiyohiyo zinakaa vizuri na kachumbari yetu yenye ndimu, na wali wa ukwaju, na mishkaki iliyolowekwa kwenye mtindi.

Nyama yenye mafuta inataka ukakasi. Ule ukakasi hushikana na protini na mafuta ya nyama, mdomo unasafishika, na mvinyo wenyewe unaonekana laini zaidi. Mbavu za kondoo na Ksara au Hochar, basi. Kibbe ya sinia, ile ya nyama na bulguri (ngano iliyovunjwavunjwa) yenye mbegu za msonobari katikati, tuliijaribu na zote nne na Hochar ikashinda bila ubishi. Ile mdalasini iliyo ndani ya nyama ilikwenda moja kwa moja kwenye mdalasini ya glasi.

Château inataka chakula kilichopikwa polepole na kisicho na kelele. Bega la mwanakondoo lililokaa kwenye oveni saa tano, nyama inajitenga na mfupa yenyewe, wali wenye lozi pembeni. Bata au kanga. Uyoga. Usiku ule kilichoniacha mdomo wazi ni sahani ya bei rahisi kuliko zote: mujaddara, dengu na wali na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi na vitamu. Dengu zina ladha ya udongo, vitunguu vina utamu ulioungua, na Château ina vyote viwili. Mama mmoja wa Kitanga asingeshindwa kukitengeneza chakula kile, viungo vyote anavyo jikoni.

Pilipili kali ni adui. Ukali wa pilipili huufanya ukakasi uwashe na pombe ichome, na asilimia 13 au 14 inaonekana kama 20. Kama nyama yako inaliwa na pilipili mbuzi, usifungue Château. Utakuwa umetupa miaka saba ya mtu. Jeune iliyopozwa ndiyo pekee itakayovumilia. Samaki na hizi nyekundu sishauri, isipokuwa jodari wa kuchoma na Jeune baridi.

Kabla hujafungua

Château Musar haichujwi, kwa hiyo ina mashapo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa ghalani kuleta chupa ya mwaka wa zamani. Nikaitoa ilipolala, nikapanda nayo ngazi huku mkono unayumba, nikafungua mbele ya wageni na kumimina. Glasi mbili za kwanza zilikuwa za udongo, na ya mwisho ilikuwa tope. Mzee aliyeagiza alikuwa anasherehekea miaka 40 ya ndoa. Hakunigombeza. Aliisukuma glasi kando polepole, na mkewe akatazama mezani. Tangu siku hiyo sijachukua chupa ya Château bila kuisimamisha wima siku mbili kabla, mashapo yatulie chini.

Siku yenyewe, vuta kizibo taratibu kwa sababu chupa yenye umri huwa na kizibo laini kinachokatika. Weka taa au mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, mimina kwenye jagi bila kusimama, na ukiona uzi mweusi unakaribia shingoni, acha hapo. Kiasi cha vidole viwili kitabaki. Kiache. Halafu subiri saa moja, ikiwezekana mbili. Hochar inatosheka na nusu saa. Jeune na Ksara, fungua unywe.

Alichochukua jirani

Kwa bei za hapa London, hela ya Château moja inakupa karibu Hochar mbili, au Jeune mbili na zaidi. Watu walikuwa 14, mbuzi alikuwa wa kuchoma, na kwa familia ile pilipili haiwezi kukosa. Angenunua Château tano angefilisika, na zingekufa kwenye moshi na pilipili. Tukakubaliana: Jeune nne za kwenye ndoo ya barafu kwa ajili ya nyama choma na watakaosimama uani, na Hochar tatu za mezani kwa ajili ya mtori na pilau.

Alipofika mlangoni akageuka. "Na ile ya mbege?"

Akanunua moja tu. Si ya sherehe. Ni ya Jumapili inayofuata, wageni wakishaondoka, yeye na mama yake peke yao, na bega la kondoo la kupikwa tangu asubuhi. Niliiona Alhamisi nilipopita kwake: imesimama wima juu ya kabati la jikoni, mbali na jiko, na shingoni ameifunga karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu nene, ISIGUSWE, YA MAMA.